Maombi ya Kumwamsha Yunisi Chibago

Watu wanaokuja kuomba ndugu yao aamshwe huwa hawaji peke yao. Huja watatu, wanne, wakati mwingine ukoo mzima na mchungaji wao, wakajazana kwenye benchi la Dawati la Mapokezi katika Halmashauri ya Chilungule kama wajumbe waliokuja kupeleka posa. Kwa hiyo Elikana Ndahani, afisa tathmini wa dawati hilo kwa mwaka wa tisa sasa, alipomwona mama mwenye mvi akiingia peke yake Jumatatu asubuhi, akishika ukuta kila baada ya hatua mbili, alidhani amepotea njia.

"Shikamoo, mama. Zahanati ni jengo la pili, hapo nyuma."

"Marahaba, baba. Zahanati ndiko nilikotoka." Akaketi, akangoja pumzi imrudie. "Nimekuja kwa ajili ya mama yangu. Yuko mlimani."

Elikana akamwomba aweke kidole gumba juu ya kioo cha meza, na Mizani ikawaka. Mizani ilisoma majalada yote ya halmashauri na kutoa pendekezo kabla afisa hajafungua kinywa. Ilikuwa na sauti ya kike, tulivu, isiyochoka.

"Mwombaji ni Sechelela Mlewa, miaka sitini na moja. Aliyelala ni Yunisi Chibago, mama yake mzazi. Aliingia mlimani akiwa na miaka ishirini na sita. Amelala miaka hamsini na sita. Hili ni ombi la tatu. Pendekezo: hastahili. Kaya haina mtu mwenye nguvu, wa umri kati ya miaka kumi na nane na hamsini na mitano, wa kumpokea."

Elikana akafungua maombi ya nyuma. La kwanza, miaka kumi na miwili iliyopita, lilikataliwa kwa sababu mwombaji alikuwa mpishi wa shule na aliishi chumba cha shule. Hakuwa na nyumba yake. La pili, miaka mitano iliyopita, lilikataliwa kwa sababu alikuwa ametimiza miaka hamsini na sita, mwaka mmoja kupita kikomo. Chini ya hilo la pili palikuwa na sahihi. Aliitambua mara moja, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa kama mtu mwenye haraka ya kwenda chai.

"Ni mimi niliyekukatalia," akasema.

"Ni wewe. Ila wakati ule ulikuwa na nywele."

Hakusema kwa uchungu, na labda ndiyo maana Elikana alishindwa kumtazama usoni kwa muda. Alikuwa anaijua sababu ya kanuni ile na aliiamini. Miaka ya mwanzo, kabla ya tathmini, watu wanane waliamshwa wakarudishwa kwenye nyumba zisizo na mtu wa kuwahudumia. Mtu aliyelala miaka mingi huamka na akili zake zote lakini mikono yake haiwezi kunyanyua kikombe. Wawili kati ya wale wanane walikutwa wamekufa kwa kiu, ndoo ya maji iko hatua moja kutoka kitandani. Tangu hapo sheria ikasema: hakuna wa kumpokea, hakuna kumwamsha. Na mtu akishaamshwa hawezi kurudi kwenye usingizi ule. Mwili haukubali mara ya pili.

"Mama, kanuni haijabadilika. Na umri wako umezidi kusogea."

"Najua. Mimi nimebadilika." Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya zahanati. "Moyo umechoka. Daktari ameniambia nihesabu miezi, nisihesabu miaka. Sikuja kubishana na kanuni yako, baba. Nimekuja kuomba uende ukaangalie upya. Mara zote mbili hakuna aliyefika kwangu kuangalia."

Hilo lilikuwa kweli. Kwenye jalada, mahali pa ripoti ya ukaguzi wa nyumba, palikuwa patupu mara zote mbili.

"Nitakuja Jumatano," Elikana akasema.

Mama yule akainuka, kisha akasita, ameegemea meza.

"Nasikia kabla ya kumwamsha huwa mnamwinua kidogo, mnamwuliza. Mkimwuliza mama, msimwambie kwamba naumwa. Mwambieni nipo tu."

"Kwa nini?"

"Aliingia mle ili mimi niishi. Sitaki la kwanza kulisikia liwe kwamba nakufa. Akishaamka, akanishika mkono, nitamwambia kwa mdomo wangu."

Afisa yeyote wa halmashauri huapa kutunza siri ya ugonjwa wa mwombaji, na Elikana alikuwa ameapa. Lakini sheria hiyohiyo, kurasa mbili mbele, inasema aliyelala ana haki ya kujua anachokiamkia. Hakuwahi kuona kurasa hizo mbili zikigombana. Akasema tu, "Nimekusikia, mama," na Sechelela akaondoka akidhani ameahidiwa.

*

Siku ya Jumatano Elikana alipanda bajaji ya umeme wa jua mpaka kitongoji cha Mseta. Njia ilipita kando ya bonde la tope ambako, katika mwaka wa tatu wa ukame mkubwa, wataalamu walichimba kwa majembe wakamtoa kamongo. Kila mtoto wa Chilungule anafundishwa habari hiyo darasa la tatu. Maji yakikauka, samaki yule hujichimbia ndani ya tope, akajifunika kwa ute wake, akapunguza pumzi na moyo mpaka karibu na kufa, akakaa hivyo miaka mitatu, minne, akisubiri mvua. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuisoma damu yake. Walipata ndani yake kitu kinachoiambia kila chembe ya mwili ipunguze moto bila kuuzima, wakakitengeneza kama dawa, wakaipa jina la tope.

Ukame ule ulichukua miaka saba. Chakula cha msaada kilitosha nusu ya watu, na hakuna aliyetaka kusema ni nusu ipi. Ndipo halmashauri ya wakati ule ilipowaita watu wazima uwanjani na kuwaeleza: atakayekubali kunywa tope na kulala ndani ya mlima Nghome, posho yake atapewa mtoto wake mpaka mvua irudi. Walisimama watu mia nne na kumi na wanane.

Mvua ilirudi. Tatizo likawa kuwaamsha. Kumi na tisa wa kwanza walikufa mikononi mwa madaktari, na mlango ukafungwa. Ilichukua muda wa kizazi kizima kujifunza kumrudisha mtu polepole, siku kumi na nne, nyuzi moja ya joto baada ya nyingine. Watoto waliolishwa kwa posho za wazazi wao wakawa wazee wakisubiri.

Nyumba ya Sechelela ilikuwa ya chumba kimoja na ukumbi mdogo, imefagiwa mpaka chini ya kitanda. Vitanda vilikuwa viwili. Kimoja kilionekana kinalaliwa. Cha pili kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe lililonyooka, chandarua kimefungwa fundo, na juu ya mto pameegeshwa kanga mpya bado iko doti.

"Hicho ni cha nani?" Elikana aliuliza, ingawa alijua.

"Kila mwezi nalifua hilo shuka," Sechelela akajibu. "Kila ninapohama nahama nacho kitanda."

Mara mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, aliingia bila hodi akiwa na sufuria ya ugali mkono mmoja na bakuli la mlenda mkono wa pili. Alikuwa jirani, Mama Chedi. Alimsalimia mgeni, akaweka chakula mkekani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye dawa za Sechelela, akatoa mbili, akasimama pale mpaka zikamezwa. Kisha akamwambia Elikana anawe, asijifanye mgeni.

Walikula. Elikana, ambaye kazi yake ilimfundisha kutazama vitu vidogo, aligundua kwamba ndani ya nyumba hakuna jiko lililowashwa karibuni. Mafiga ya uani yalikuwa yamepoa siku nyingi, buibui amefunga uzi baina ya mawili.

"Huyu mama hapiki?"

"Apike kwa pumzi gani?" Mama Chedi akacheka. "Kwangu sufuria ni moja. Sahani ndizo zinazotembea."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipovuna uwele. Moyo ulianza kumsumbua tukiwa shambani, nikamwambia, wewe sasa pumzika, utakula kwangu. Ni mwezi wa sita ule."

Sasa ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Elikana aliacha tonge njiani. Akafuta vidole, akatoa kijitabu cha kanuni mfukoni, akakifungua pale mkekani huku wanawake wawili wakimtazama kama mtu aliyepatwa na jambo. Ukurasa wa nne ulisema: *kaya ni watu wanaokula chungu kimoja kwa siku tisini au zaidi*. Alikuwa ameusoma mstari huo mara mia. Haukusema lolote kuhusu ukuta, wala ua, wala damu.

"Mama Chedi, una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja. Kwani vipi?"

"Umewahi kumhudumia mtu asiyeweza kujigeuza?"

"Mama mkwe wangu, miaka miwili kitandani, mpaka tulipomzika." Akamtazama Sechelela, kisha akaelewa, na sauti yake ikashuka. "Ila huyu wa mlimani yeye si atakuwa anapata nafuu kila siku? Hiyo ni kazi ya raha."

Elikana aliandika. Aliporudi ofisini jioni ile akaingiza kila kitu, na Mizani ikachukua muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu anayesoma upya barua.

"Kaya ina watu watano, pamoja na wa kwa Mama Chedi," ikasema. "Kuna mpokeaji mwenye sifa. Anastahili."

Mkuu wa idara, Bi Zamoyoni, mwanamke wa haki na maneno machache, alilisoma jalada akiwa amesimama dirishani.

"Umelipata kihalali, na nitasaini," akasema. "Lakini kaa kwanza. Yule aliyelala ni binti wa miaka ishirini na sita. Mwanaye ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Tunamwamsha leo, mwezi wa tatu anamzika, halafu anabaki duniani na majirani. Mtu aliyelala haumii, Elikana. Hasikii njaa, halii. Una hakika tunamfanyia wema?"

"Sina."

"Na utakapomwinua umwulize, utamwambia habari za ugonjwa?"

"Mwombaji ameniomba nisiseme."

"Kiapo chako nacho kinakukataza." Akamrudishia jalada. "Nisingependa kuwa mahali pako."

*

Kwa miaka tisa Elikana alikuwa akipeleka majina mlimani kwa njia ya mtandao. Hakuwahi kuingia. Kwa kawaida swali huulizwa na fundi wa zamu, na jibu hurudi ofisini kama neno moja kwenye jalada. Safari hii aliomba kuuliza mwenyewe.

Fundi Zuhura Ntandu alimpokea mlangoni saa nne asubuhi, akamvisha koti zito, wakashuka kwa lifti ndani ya mwamba. Baridi ilipanda kutoka miguuni. Mlango wa chini ulipofunguka, Zuhura akamshika kiwiko.

"Subiri macho yazoee. Usiseme kitu kwanza. Sikiliza."

Kulikuwa na giza, na ndani ya giza palikuwa na sauti ambayo Elikana aliichukulia kuwa upepo. Hewa ilivutwa mahali fulani kushoto, taratibu mno. Ikaachiwa. Ikavutwa tena, mbali, upande mwingine wa ukumbi.

"Kila mmoja hupumua mara moja kwa dakika tisa," Zuhura akanong'ona. "Lakini wapo mia mbili sitini na wanane. Kwa hiyo haikatiki."

Kisha akaanza kuona. Juu ya kila kitanda cha mawe palikuwa na taa moja ndogo ya rangi ya kaa la moto, nayo iliwaka pale tu moyo wa aliyelala chini yake ulipopiga. Moyo mmoja, pigo moja, kila dakika nne. Taa iliwaka karibu na miguu yake ikazima. Nyingine ikawaka juu kabisa, kwenye ngazi ya sita iliyochongwa ukutani. Nyingine mbele. Hakuna sekunde iliyopita bila taa kuwaka mahali fulani katika ukumbi ule uliokuwa mrefu kuliko macho yake, na kila taa ilikuwa mtu aliyesimama uwanjani siku moja akasema, mpeni mwanangu sehemu yangu.

Elikana hakujua kwamba amevua kofia mpaka alipohisi baridi kichwani. Alikuwa ameyasoma majina haya yote. Alikuwa ameyapanga kwa herufi, ameyagonga mihuri, mengine ameyarudisha kwa sababu ya karatasi iliyokosekana. Akaegemea ukuta.

"Hata mimi," Zuhura akasema. "Mwaka wa kumi na mbili huu, na kila asubuhi nasimama hapo ulipo."

Yunisi Chibago alikuwa ngazi ya pili. Chini ya kioo, uso wake ulikuwa mdogo kuliko Elikana alivyotazamia, mashavu yamebonyea kwa njaa ya miaka ile, nywele zimesukwa mistari minne na mtu aliyezisuka kwa haraka. Ulikuwa uso wa binti. Angekutana naye sokoni angemwita mdogo wangu.

Zuhura alieleza akiwa anainua kioo na kufungua mirija. "Nitaipasha damu kwa nyuzi sita tu. Utapata dakika tatu za yeye kukusikia. Ni mara moja. Nikirudia naweza kumharibu. Swali la kisheria unalijua." Akasita. "Nikwambie jambo ambalo haliko kwenye ripoti? Watu mia moja thelathini na mmoja tumewauliza kama wanataka kuamka. Wote wamejibu ndiyo. Wote, hata yule aliyeandika kwa mkono wake asiamshwe mapema. Mimi hiyo ndiyo yao siiamini. Mtu ukimtikisa usingizini ukamwuliza, unasikia? atakujibu ndiyo na kuendelea kukoroma. Ni mwili unaojibu."

"Na wewe ungemwulizaje?"

"Mimi ni fundi wa mirija. Wewe ndiye afisa."

Akageuza kitufe. Taa juu ya kitanda ikapiga. Ikapiga tena baada ya nusu dakika. Kisha baada ya sekunde kumi. Rangi ikapanda kwenye midomo ya binti yule kama wino unavyoingia kwenye maji, na kope zake zikatikisika bila kufunguka.

Elikana akainama mpaka karibu na sikio lake. Hakujua aanze vipi na mtu mwenye miaka ishirini na sita na themanini na miwili kwa wakati mmoja. Mdomo wake ukaamua wenyewe.

"Shikamoo, mama."

Kisha akasema maneno ya sheria. "Yunisi Chibago, je, unataka kuamka?"

Midomo ikasogea. Zuhura aliweka kalamu tayari kuandika ndiyo.

"Mtoto," Yunisi akasema. Sauti ilikuwa kavu, ya mbali, lakini kila silabi ilitamkwa. "Mtoto amekula?"

Kalamu ya Zuhura ilianguka. Ilisikika ikigonga mawe ngazi kwa ngazi mpaka chini. Watu mia moja thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali.

"Amekula," Elikana akajibu. "Amekula, mama. Amekua. Amewapikia watoto wa shule mpaka akastaafu. Sasa ana mvi, ni mtu mzima kunizidi mimi. Mvua ilirudi siku nyingi. Umelala miaka hamsini na sita."

Kitu fulani kilipita kwenye uso ule, polepole sana. Dakika mbili zilikuwa zimekwenda. Zuhura akainua kidole kimoja kumwonyesha iliyobaki.

Elikana alimwona Sechelela akilini mwake, ameegemea meza, na akajua kwamba akinyamaza hakuna atakayemlaumu. Sheria yenyewe itamkinga. Binti huyu angeamka kwa furaha na kukuta msiba mlangoni, na ingekuwa imeandikwa kwamba alikubali. Akafikiri pia kwamba akisema, anaweza kuwa anamnyang'anya mama mgonjwa kitu pekee alichoomba. Haya yote yalipita ndani ya pumzi moja.

"Mama, nisikilize. Mwanao anaumwa. Moyo wake umechoka, hatakuwa na muda mrefu. Ukiamka, utamwona, halafu utamzika, na utabaki peke yako katika nchi ya watu usiowajua. Ukiendelea kulala, hutayajua haya wala hutaumia. Hakuna atakayekulaumu. Unataka tufanye nini?"

Taa ikapiga. Ikapiga. Kope za Yunisi zikafunguka upana wa uzi, na ndani yake palikuwa na weupe na kitu kinachong'aa. Hakumwona Elikana, hakuwa anaangalia kitu kilichokuwa mle ndani.

"Anaumwa," akasema, "na mnaniuliza?" Akavuta pumzi, nzima, ya mtu anayeinuka. "Mnangoja nini?"

*

Sechelela alisikiliza akiwa amekaa kitandani, mikono imelala mapajani. Elikana hakuficha kitu.

"Nilikuomba," Sechelela akasema baadaye.

"Uliniomba, mama. Nikashindwa. Nimeandika kwenye ripoti kwamba nimevunja kiapo, na Bi Zamoyoni ameshanipa barua ya onyo. Ukitaka kupeleka malalamiko zaidi nitakuandikia mwenyewe."

Sechelela akalainisha kanga juu ya mapaja. Mama Chedi, aliyekuwa mlangoni, hakuthubutu kuingilia.

"Alisema, mnangoja nini?"

"Hivyohivyo."

"Kwa ukali?"

"Kwa ukali, mama."

Sechelela akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Elikana alidhani analia mpaka aliposikia kwamba anacheka pia. "Ndiye," akasema ndani ya kanga. "Ndiye mwenyewe. Nilikuwa nimeisahau sauti yake, lakini ule ukali naukumbuka."

Siku kumi na nne zilipotimia walimleta Sechelela kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha juu cha mlima, chenye madirisha na jua. Elikana alisimama ukutani na Zuhura. Mama Chedi alikuwa amebeba maji ya uvuguvugu na taulo, amejifunga kibwebwe tayari kwa kazi.

Yunisi alifumbua macho kidogo kabla ya saa sita mchana. Aliangalia dari. Aliangalia dirisha, na majani mabichi nje yake, akayaangalia muda mrefu. Kisha macho yakashuka mpaka kwa mwanamke mzee aliyekaa karibu na kichwa chake, mwenye mvi, mikunjo, na miguu iliyovimba, yakakaa pale.

"Shikamoo, mama," Sechelela akasema, kwa sauti ndogo ambayo Elikana hakuwahi kuisikia kwake.

Na yule binti, ambaye ngozi yake haikuwa na hata mkunjo mmoja, akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Alijaribu kuinua mkono ukakataa. Sechelela akauinua kwa mikono yake miwili, akauweka kwenye shavu lake mwenyewe, akaushikilia hapo. Zuhura aligeuka akatazama ukuta. Elikana hakugeuka. Alitazama, maana aliona kwamba mtu aliyewahi kuandika *hastahili* juu ya jambo hili anapaswa kulitazama mpaka mwisho.

Kanuni inataka ukaguzi wa mwisho siku ya tisini. Ilikuwa katikati ya mwezi wa tatu, mtama umepita mabega ya mtu, njia ya Mseta imekuwa nyembamba kwa majani. Elikana alikuwa na fomu mkononi. Ilimtaka apime kama aliyeamshwa anajigeuza, anakaa, anasimama. Swali la mwisho liliuliza kama anaweza kubeba mzigo hatua hamsini bila kupumzika.

Aliwakuta njiani kabla hajafika nyumbani. Yunisi alikuwa anatembea kati ya mtama, ameinama kidogo mbele, hatua za uangalifu za mtu aliyejifunza kutembea juzi, jasho likimtiririka shingoni. Mgongoni alikuwa amembeba mwanaye. Sechelela alikuwa amekonda mpaka amebaki mwepesi kabisa, amefungwa vizuri kwa ile kanga mpya, mikono imezunguka shingo ya mama yake, kichwa cheupe kimelala begani. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anautazama mtama.

"Anataka kuona shamba la Mama Chedi," Yunisi akasema, bila kusimama. "Tangu asubuhi ananiambia nimpeleke."

Elikana alifungua mdomo kusema habari za fomu. Sechelela akainua kichwa kidogo kutoka begani, akamwona, akatabasamu.

"Pisha njia, baba," akasema. "Mama anapita."

Elikana akaingia ndani ya majani mpaka yakamfika kifuani, akasimama humo, na wao wakapita.